Zote Mbili Ziwekwe

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuficha. Utotoni niliogopa radi, niliogopa mbwa wa jirani, na niliogopa lile jiwe kubwa lililokaa juu ya mji wa Masasi, nikiamini kwamba lingebiringika siku ambayo sisi tuko darasani na walimu wako nje. Dada yangu alikuwa ananicheka mpaka anakaa chini. Nilipopata kazi ya kompyuta nilijiona nimepata kazi ya watu wa aina yangu. Unakaa kivulini, umetulia, na baya kabisa linaloweza kukupata ni umeme kukatika. Faili halina meno, nilikuwa napenda kusema.

Ilikuwa miaka ambayo soko huria limepamba moto. Mambo yaliyokuwa ya serikali peke yake, sasa kila mwenye uwezo aliruhusiwa kuyafanya, na watu walifungua kila kitu: shule, maghala ya korosho, vibanda vya kupigia simu, baa zenye majina ya nchi za nje. Daktari mmoja mstaafu, mtu wa bara aliyehamishiwa kusini akiwa kijana na akaamua kuzeekea huko, alifungua zahanati mbili. Moja ilikuwa Masasi, nyuma ya stendi. Ya pili aliiweka Newala, huko juu, ambako ndiko kwetu, ingawa mimi nilisomea Masasi. Mimi alinichukua niangalie kompyuta zake.

Daktari alikuwa na ndoto moja, nayo aliitangaza kwa kipaza sauti siku ya ufunguzi: ukitibiwa Masasi, Newala wanajua, ukitibiwa Newala, Masasi wanajua. Kabla ya hapo kila mgonjwa alitembea na daftari lake la shule lililoandikwa historia ya maradhi yake, na madaftari yale yaliloa mvua, yaliliwa na mchwa, mengine wazee waliyachana wakasokotea tumbaku. Watu waliipokea ndoto ya daktari kwa mikono miwili. Baada ya muda mfupi hakuna aliyekuja na daftari tena. Walikuja mikono mitupu, wakataja jina, wakasubiri mashine iseme.

Aliyeitengeneza hiyo mashine ya kusema alikuwa mtaalamu wa kukodi kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye haraka na mwenye tai hata jua la saa saba. Alitujengea ghala la mafaili. Ghala zima lilikuwa Masasi, na zima hilo hilo lilikuwa Newala, nakala mbili kamili, na kila upande uliandika kwenye nakala yake. Intaneti ya kule ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo mabadiliko ya Newala yalishuka kwa flashi, ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Nikiipata flashi natoa amri moja tu, ghala linayasoma mabadiliko ya pande zote mbili na kuyaunganisha, kisha flashi inapanda tena Newala na kazi iliyounganishwa.

Juu kabisa ya ghala hilo palikuwa na faili dogo la maagizo. Halikuwa na habari za mgonjwa yeyote. Lilikuwa linaliambia ghala namna ya kushughulika na mafaili mengine: haya ni ya picha, usiyaguse ndani, haya ni ya maandishi, yaunganishe mstari kwa mstari, haya ni ya muda, usiyahesabu. Mistari michache, herufi za kawaida, unaweza kulifuta lote kwa kupiga chafya ukiwa umeegemea kibodi. Na kwa kuwa nalo lilikaa ndani ya ghala la pamoja, ukiligusa Masasi umeligusa na Newala. Hilo ndilo faili nililoliogopa. Nilikuwa nikilifungua nasoma huku mikono nimeiweka mapajani.

Mwanzoni ghala lilikuwa linagoma. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake mmoja, na ikitokea Masasi wamebadilisha mstari fulani, na Newala nao wamebadilisha mstari ule ule, ghala lilisimama, likauweka mstari wa huku na mstari wa kule pamoja, likaipigia mishale, na halikwenda mbele hadi mtu aseme upi ndio wa kweli. Mtu mwenyewe ndiye mimi, na mimi sikujua. Ilibidi nimpigie simu karani wa Newala, mama mtu mzima mwenye heshima zake, mzaliwa wa pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nini tena leo?"

"Mama, kuna mzee mmoja kwenye faili, wewe umeandika anakaa mtaa mwingine, huku wamemwandikia dawa mpya. Nichukue upi?"

"Sasa mwanangu, mimi nimeshaandika. Unaniuliza nilichoandika? Kwani hujui kusoma?"

Kila juma ikawa hivyo. Karani akaanza kuiona simu yangu kama nzi. Daktari naye alilalamika kwamba ghala linachelewa kupanda Newala kwa sababu mimi nauliza uliza. Basi mtaalamu, kabla hajaondoka kwenda kwenye kazi nyingine iliyolipa zaidi, akaongeza mstari mmoja katika faili la maagizo. Kwa mafaili ya wagonjwa, kama pande zote mbili zimegusa mstari mmoja, nakala zote mbili ziwekwe, ya Masasi juu na ya Newala chini, na kazi iendelee bila kumwuliza mtu. Akaniambia, akikunja nyaya zake, "Usiwe na wasiwasi. Hakuna kitakachopotea."

Ni kweli, hakuna kilichopotea. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Simu zikakoma, karani akafurahi, daktari akafurahi, na mimi nikasahau kabisa kwamba ghala lilikuwa na desturi ya kuuliza.

Nilikuwa nakaa na mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, aliyekuwa anasoma Masasi. Kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto wa dada ni mzigo wako, shule yake ni yako, aibu yake ni yako, na mwenyewe anajua, ndiyo maana alikuwa anadai ada ya mtihani kwangu kwa sauti ya mtu anayedai haki. Alikuwa mtoto mcheshi, mbishi, mwenye kupenda kunicheka kama mama yake. Kabla ya likizo ya katikati ya mwaka alivimba koo, nikampeleka zahanati, daktari akamchoma sindano ya penisilini, sindano ya kawaida ambayo mimi nimechomwa mara nyingi.

Hatukuwa tumefika mlangoni. Alinishika shati akasema, "Mjomba, midomo," na nilipomtazama midomo ilikuwa inavimba nikiiona. Kisha macho. Kisha akaanza kuvuta pumzi kwa sauti ya filimbi, akaanguka. Daktari alikuja mbio akiwa na sindano nyingine, ya kumrudisha, na kwa muda ambao sitaki kuupima mtoto alikuwa amelala sakafuni na mimi nimemshika kisigino, sijui kwa nini kisigino, pengine kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Akarudi. Jioni alikuwa anaomba soda. Mimi usingizi ulinikimbia, na hata sasa nikisikia mtu anapumua vibaya natoka nje.

Daktari alisimama nyuma yangu akahakikisha naandika kwenye mstari wake, kwa herufi kubwa: ASIPEWE SINDANO YA PENISILINI. Akasema akichomwa mara ya pili anaweza asirudi. Nikampigia dada yangu. Akalia, nikambembeleza, nikamwambia imeandikwa, popote atakapokwenda wataona.

Shule zikafungwa, mtoto akapanda Newala kwa bibi yake, yaani mama yangu, kuingia unyago. Na mwaka huo kompyuta ya Newala ilikuwa imeungua kwa umeme, imepelekwa Mtwara kutengenezwa, kwa hiyo flashi hazikupanda wala kushuka. Karani nilimpigia kwa hisani tu, kumjulia hali.

Siku ya kuwatoa wali, mabinti waliokuwa unyagoni, nilikwenda. Walitoka wamepakwa mafuta, wamevaa khanga mpya, wameinamisha vichwa, na sisi wajomba tuliitwa mbele. Jina jipya la mpwa wangu nililitoa mimi. Nilimpa la bibi yetu aliyetulea, na mama yangu aliposikia alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Jina la utotoni likaachwa huko huko unyagoni, pamoja na mtoto aliyekuwa nalo na habari zake. Kwa mtu wa kwetu hilo si pambo. Kumwita mtu jina lile baada ya siku hiyo ni tusi kubwa, watu wameacha kuzungumza miaka kwa ajili yake. Walimu wanaotoka mikoa mingine huyaona haya shule zikifunguliwa: wanaita majina kwenye mahudhurio na darasa linanyamaza, na mwenye jina amekaa pale mbele anawatazama kama hajui anaitwa nani.

Wageni hushangaa. Sisi hatushangai, na karani wetu alikuwa mtu wa kwetu. Kompyuta iliporudi kutoka Mtwara kina mama walimwendea mmoja mmoja: lile jina litoe. Yeye hakuuliza sababu, angeulizaje? Alikwenda mstari kwa mstari akafuta la zamani, akaandika jipya. Kisha akaifunga flashi kwenye bahasha, akampa kondakta, nami nikatoa amri yangu moja. Ghala likaunganisha. Halikugoma, halikuuliza, likaandika neno la kusema kazi imekamilika. Nikairudisha flashi Newala nikaenda kunywa chai.

Majuma machache yalipita, shule bado hazijafunguliwa. Asubuhi moja daktari alitaka orodha ya watoto wa Newala kwa ajili ya chanjo, nikaichapisha, karatasi zikawa nyingi kuliko nilivyozoea. Nikamtania nesi kwamba Newala baridi imezidi, watu wanazaana. Nikaanza kupitisha macho. Nikaliona jina nililolitoa mimi mwenyewe, jina la bibi yetu, na mbele yake kijiji chetu, umri, halafu sehemu ya tahadhari. Ilikuwa tupu.

Juu yake palikuwa na mstari mwingine. Kijiji kile kile, umri ule ule, jina la utotoni, na maneno yale ya herufi kubwa niliyoyaandika daktari akiwa nyuma yangu.

Zote mbili ziliwekwa: ya Masasi yenye onyo, na ya Newala iliyopewa jina jipya kabla onyo halijafika huko. Mtoto mmoja amekuwa wawili: mmoja sindano inaweza kumwua, mwingine hana tatizo lolote. Na yule wa hatari ana jina ambalo hakuna mtu pale Newala, si mama, si bibi, si karani, si mwenyewe, atakayelitaja mdomoni. Mtu mwingine yeyote angesoma ile karatasi angeona watoto wawili. Mimi tu, kwa sababu ya ujomba, niliyajua majina yote mawili.

Nikampigia dada yangu. Alikuwa Nanganga, amepeleka mbaazi kuuza, upepo unavuma kwenye simu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa mama. Kwani nini? Kajikata mguu na jembe, wako kwenye palizi ya mikorosho. Umevimba. Mama kasema leo anampeleka kwa daktari wako wakamchome sindano."

Nikakata nikapiga zahanati ya Newala. Namba haipatikani. Nikapiga ya karani. Haipatikani. Nikapiga ya mama yangu, ambayo alikuwa anaizima kutwa ili isiishe chaji, na ilikuwa imezimwa. Nilipiga zote tena na tena huku natembea kuelekea barabarani, na yule dada wa kwenye mtambo, anayesema tafadhali jaribu tena baadaye, nilitamani kumtukana. Basi la Newala lilikuwa limeshaondoka. Nikapanda bodaboda.

Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alianza habari za mpira tukiwa bado mjini, na tulipofika Chiungutwa alikuwa ameshafukuza makocha wawili. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemkumbatia kama mke, nahesabu kwa kichwa yasiyohesabika: mama huamka mapema, lakini mtoto anachechemea, labda watapata lifti ya baiskeli, labda foleni ni ndefu, labda dawa imekwisha. Niliomba dawa iwe imekwisha. Sijawahi kuiombea mabaya zahanati tunayokula kwayo, siku hiyo niliiombea ukame.

Mikorosho ilikuwa imechanua njia nzima, na harufu ya salfa waliyopuliza wakulima alfajiri ilikuwa bado imeganda chini ya miti. Harufu hiyo naipenda, ni ya nyumbani. Nilikuwa nawaza lile faili la maagizo. Mstari mmoja, maneno machache. Nilikuwa naona wazi jinsi ghala lilivyofanya kazi yake kwa utii kabisa, halikukosea hata herufi, limefanya tulichokiagiza. Na niliwaza kwamba kama lingegoma, kama lingeniwekea mishale yake ya zamani, ningeiona ile mistari miwili siku ile ile kwa sababu majina yote mawili nilikuwa nayajua. Ningecheka, ningemwambia karani, mambo yangekwisha. Kinachotisha ni kule kunyamaza.

Tulipoanza kupanda mlima wa Newala pikipiki ikapungua nguvu, na dereva akaniomba nishuke nisukume kipande. Nilisukuma nikimtukana moyoni yeye, mtaalamu, tai ya mtaalamu, na mimi mwenyewe. Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu.

Mapokezi palikuwa pamejaa. Karani alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, akaniona na jasho langu akasema, "Mwanangu, mbona hivi?" Nadhani sikumwamkia. Mlango wa chumba cha sindano ulikuwa wazi nusu. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya mlango huo, na ndani, kwa upande, nilimwona mpwa wangu amesimama ameinamia kitanda, ameshika ukingo, na nesi anamfuta kwa pamba.

Nikaita. Niliita jina jipya, lile nililolitoa mimi, kwa sauti yote niliyonayo. Nesi hakugeuka, maana jina lile ni la nusu ya mabibi wa pale. Mtoto hakugeuka. Alikuwa nalo kwa muda mfupi mno, bado lilikuwa kama kiatu cha dukani. Nesi akaiinua sindano akaisukuma kidogo kutoa hewa.

Basi nikaita lile lingine.

Nililiita mbele ya watu wote wale, mbele ya wazee, mbele ya wali wenzake waliokuja na vidonda vyao vya palizi, mbele ya mama yangu. Mapokezi pakawa kimya mara moja, mtoto mchanga tu akaendelea kulia. Na mpwa wangu aligeuka. Aligeuka mwili mzima, upesi, kama anavyogeuka mtoto akiitwa na mtu wa nyumbani, na nesi akarudi nyuma ili asimchome vibaya, akaanza kunifokea. Nilikuwa nimeshaingia chumbani. Nilimshika mkono wenye sindano kwa mikono yangu miwili nikasema penisilini, penisilini, wala sikuweza kusema kingine.

"Kompyuta imesema hana tatizo!" nesi akasema.

"Ni wawili," nikamwambia. "Wako wawili mle ndani, na wote ni huyu."

Hakunielewa, ningemlaumu vipi, lakini aliiweka sindano kwenye sinia. Nikakaa sakafuni.

Nilipotoka nje mama yangu alikuwa amejifunika khanga usoni. Nilipiga magoti mbele yake nikaeleza yote, ghala, flashi, mstari, na nadhani alielewa kuliko daktari alivyoelewa baadaye, kwa sababu alitikisa kichwa mahali panapostahili. Kisha akasema bila kufunua uso, "Waliniuliza, huyu aliwahi kudhurika na sindano? Nikasema huyu hapana. Huyu hajachomwa hata moja tangu atoke unyagoni." Akaivuta khanga chini zaidi. "Sasa wewe mjomba wake umemrudisha utotoni. Mbele za watu."

Kama ningepewa siku hiyo tena ningeita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na ningeona aibu tena vile vile.

Mtoto alipewa vidonge vya aina nyingine, mguu ukasafishwa na kufungwa. Wakati anafungwa nilikaa na karani mezani. Yeye aliandika nami nikamtajia. Tulilifungua faili la maagizo, lile ambalo nililiogopa kuligusa, na tukaufuta mstari wa mtaalamu. Mafaili ya wagonjwa yakigongana, ghala lisimame. Ligome. Limtafute mtu. Kisha nikamwomba tupitie wali wote wa msimu ule, maana kila mwenye tahadhari huenda naye alikuwa amegawanyika.

"Nitawezaje kuwauliza mama zao?" karani akasema. "Nimtazame mtu machoni nimwambie nitajie lile jina?"

"Sijui, mama."

Alifikiri, akafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Wasitaje," akasema mwishowe. "Niwasomee mimi kijiji na umri na ugonjwa. Mama atajua ni wake. Atatikisa kichwa tu." Ndivyo alivyofanya kwa siku nyingi zilizofuata, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, mama mmoja mmoja. Mtaalamu asingeliwaza hilo hata kwa tai mbili. Baadaye tulimpa kila mgonjwa namba isiyobadilika hata abadilishe jina mara ngapi, na hilo daktari alilitangaza kwa kipaza sauti kama lake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulitoka zahanati watu watatu, mama yangu ametangulia mbali, hataki kutembea na mimi. Mpwa wangu alikuwa anachechemea nikamwinamia nimbebe mgongoni. Nilidhani atakataa. Alipanda. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, na hakusema neno, yule mtoto wa maneno. Nilidhani ananichukia kwa jina nililomwita, nikaanza kumwomba radhi huku natembea, nikimwambia nilijaribu lile jipya kwanza, hukusikia, nesi hakusikia, ningefanyaje.

"Nilisikia," akasema.

Nikasimama.

"Nilisikia ulivyoita la kwanza. Niliogopa kugeuka, nikajua utasema habari za Masasi." Pumzi yake ilikuwa inanipiga sikioni. "Mjomba, ile chupa niliijua. Ina kifuniko kile kile cha Masasi. Nilijua ndiyo ile."

"Mbona hukusema?"

"Tumekatazwa kusema habari za yule wa zamani. Bibi alishasema hapana." Akaniegemezea kichwa begani, kizito, kama mtu aliyemaliza kazi. "Nilikuwa nashika kitanda nisianguke kwa kelele."

Mama yangu alikuwa amesimama mbele kwenye njia panda, anatutazama. Nilimpandisha mtoto vizuri mgongoni nikaanza tena kutembea, na kila nilipomsikia anavuta pumzi nilisubiri kusikia na nyingine.